Mada ya 9: Mtandao wa Kuigiza na Wakala wa Ulinzi

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza maana ya wakala, mazingira, tendo na tuzo;
(b) kutoa sababu za kutumia mtandao wa kuigiza;
(c) kukokotoa alama za wakala na kutathmini uamuzi wake.

1. Maana

Programu nyingi hufuata maelekezo yaliyoandikwa na mtu, hatua kwa hatua. Wakala ni programu inayojifunza kwa kujaribu. Hutazama hali ya mazingira, huchagua tendo, kisha hupewa tuzo au hukatwa alama. Akirudia mara maelfu, hutambua tendo linalofaa katika kila hali. Njia hii ni kujifunza kwa tuzo na adhabu.

Katika ulinzi, mazingira ni kompyuta, seva na njia zinazoziunganisha. Matendo ya wakala ni kama kuchunguza kompyuta, kuondoa programu hasidi, kutega huduma ya chambo ili kumpotosha mdukuzi, au kuirejesha kompyuta nzima katika hali yake ya mwanzo.

2. Kwa nini mtandao wa kuigiza?

(i) Wakala mchanga hukosea sana. Kosa katika mtandao halisi linaweza kuzima huduma za watu.
(ii) Kompyuta huigiza mashambulizi mengi kwa muda mfupi. Hatuwezi kungoja wadukuzi halisi waje mara maelfu.
(iii) Shambulio lilelile huweza kurudiwa, hivyo mawakala wawili hulinganishwa kwa haki.

3. Mifano

CyberBattleSim ilitolewa na Microsoft mwezi Aprili 2021. Ndani yake wakala mshambuliaji hujifunza kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mtandao wake umerahisishwa kwa makusudi, ili alichojifunza kisitumike moja kwa moja kudukua mifumo halisi.

CybORG ilitengenezwa na wanasayansi wa ulinzi wa Australia, nayo imetumika katika mashindano ya CAGE. Katika shindano la pili, la mwaka 2022, wakala alilinda kompyuta za watumiaji, seva za ofisi na seva ya uendeshaji. Baadhi ya kanuni za alama zilikuwa hizi:

- mdukuzi kuwa na mamlaka ya msimamizi katika kompyuta ya mtumiaji: −0.1 kwa kila hatua;
- kuwa na mamlaka hayo katika seva ya ofisi: −1 kwa kila hatua;
- kuvuruga seva ya uendeshaji: −10 kwa kila hatua;
- wakala kurejesha kompyuta au seva: −1, kwa kuwa watumiaji hukatiwa huduma.

4. Mfano wa kukokotoa

Mdukuzi ameshika seva moja ya ofisi. Wakala A anairejesha baada ya hatua 2. Wakala B baada ya hatua 6.

A: (2 × −1) + (−1) = −3
B: (6 × −1) + (−1) = −7

A amefanya vizuri zaidi.

Sasa chukua kompyuta ya mtumiaji. Kuiacha mikononi mwa mdukuzi kwa hatua 5 ni −0.5, ilhali kuirejesha ni −1. Wakala anayetazama hatua chache tu mbele ataiacha. Lakini mdukuzi huitumia kompyuta hiyo kama daraja la kufikia seva, na huko kila uvurugaji hugharimu 10. Hasara ndogo ya leo ndiyo mlango wa hasara kubwa ya kesho.

5. Mipaka

Wakala hajui thamani ya mtandao. Anajua alama tu. Kanuni inasema kurejesha ni −1. Katika hospitali, kompyuta ikizimwa wakati mgonjwa anasubiri dawa, gharama yake si 1. Anayepanga alama ndiye anayeamua wakala atalinda nini na atapuuza nini.

Pia, wadukuzi wa kuigiza ni wa aina chache, lakini wadukuzi halisi hubadili mbinu. Ni kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa moko: maswali yakibadilika, anakwama.

Angalizo kwa mtahiniwa: Wengi huandika, “Mazingira ya kuigiza ni salama, hivyo wakala aliyefaulu humo ni salama.” Sehemu ya pili si sahihi. Mazingira hulinda watu dhidi ya makosa ya wakala wakati wa mafunzo. Hayathibitishi kwamba atafaulu nje. Ndiyo maana binadamu huendelea kumsimamia.

Zoezi

1. Taja sababu mbili za kutumia mtandao wa kuigiza.
2. Mdukuzi ameshika seva ya ofisi kwa hatua 3 na kompyuta ya mtumiaji kwa hatua 10. Kisha zote mbili zimerejeshwa. Kokotoa jumla ya alama.
3. “Wakala mwenye alama nyingi ndiye mlinzi bora.” Jadili.

Dondoo za majibu

1. Rejea sehemu ya 2.
2. Seva: −3 − 1 = −4. Kompyuta: −1 − 1 = −2. Jumla: −6.
3. Kubali kwa sehemu: alama hurahisisha ulinganisho. Kisha onyesha kwamba alama zikipangwa vibaya, wakala atajifunza vibaya. Toa mfano, kisha hitimisha kwa msimamo wako.