SOMO: TUPIME UDONGO KABLA YA KUCHIMBA KISIMA

Kisima kifupi tulichochimba na wanakijiji wa usharika mmoja hapa Kanda ya Kati kilitufundisha somo chungu. Kwenye mita nane tulifikia udongo wa mfinyanzi uliolowa, tukashangilia. Asubuhi yake tulikuta maji yasiyojaza ndoo mbili. Akina mama waliobeba mawe kwa wiki tatu walirudi mtoni. Udongo ulikuwa na maji, ila haukuyaachia.

Udongo na maji yake

Kati ya chembe za udongo kuna nafasi, na humo ndimo maji hukaa. Mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo kuliko milimita 0.002, una nafasi nyingi hata kuliko mchanga. Lakini nafasi hizo ni finyu mno, hivyo maji hunata humo. Lita 100 za mfinyanzi uliojaa maji hutoa lita chache tu. Mchanga wa chembe kubwa unaweza kutoa lita 20 hadi 30. Kwa hiyo tusiulize tu, "Je, udongo una maji?" Tuulize pia, "Je, utayatoa?"

Vipimo vya maabara

1. Unyevu. Udongo hupimwa uzito, hukaushwa katika tanuri kwa nyuzi joto 105 kwa saa 24, kisha hupimwa tena. Uzito uliopungua ni wa maji.

2. Ukubwa wa chembe. Udongo mkavu hupitishwa kwenye machekeche yenye matundu yanayozidi kuwa madogo. Kila kinachobaki hupimwa uzito. Chembe laini sana hupimwa kwa kasi ya kuzama kwake ndani ya maji.

3. Upenyezaji. Maji hupitishwa kwenye silinda yenye udongo, na kiasi kinachotoka kwa muda fulani hupimwa. Msingi wa kipimo hiki uliwekwa na Henry Darcy, mhandisi wa mji wa Dijon, Ufaransa, mwaka 1856.

Jaribio la nyumbani

Jaza udongo theluthi moja ya chupa angavu, ongeza maji, tikisa vizuri, kisha iache itulie. Mchanga huzama ndani ya dakika chache. Chembe za kati huchukua saa kadhaa. Mfinyanzi huweza kuchafua maji kwa siku nzima au zaidi. Jaribio hili halichukui nafasi ya maabara, lakini hutuonya mapema.

Tahadhari

Mchanga unaopitisha maji haraka hupitisha pia uchafu wa choo. Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima hushauriwa mara nyingi, na kisima kiwe upande wa juu. Tena, kupima udongo hakutoshi: maji yenyewe yapimwe, hasa madini ya floraidi, ambayo ni tatizo katika maeneo ya Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga.

Kisima chetu cha pili tulikichimba kando ya korongo, baada ya kupima udongo kwanza. Mchanga wake ulitoa maji. Gharama ya vipimo ilikuwa ndogo kuliko jasho la wiki tatu lililopotea.

Maswali ya kujadili

1. Visima vilivyokauka kijijini kwenu vilichimbwa kwenye udongo gani?
2. Nani atachukua sampuli kabla ya kazi kuanza, na gharama italipwaje?