Haya isitufunge midomo: swali la mwili lina majibu mawili

Kila baada ya darsa ya akina mama hapa mtaani kwetu hupitishwa kiboksi kidogo, na kila mwenye swali hutumbukiza kikaratasi bila kuandika jina. Siku moja nilikunjua kikaratasi kimoja nikakuta swali fupi: mwanamke akitokwa na damu kwa miezi mitatu bila kukatika, swala yake inakuwaje?

Nilijibu kama nilivyosomeshwa. Nikaeleza hedhi na istihadha, josho na udhu, nikafunga kitabu. Baada ya wiki chache nikapata habari kuwa aliyeuliza amelazwa, amepungukiwa damu sana, na kwenye kizazi amekutwa na uvimbe. Alhamdulillahi, alitibiwa akapona. Lakini mimi nilibaki na deni. Nilijibu nusu ya swali. Nilisema habari ya swala yake, na sikumwambia neno moja: dada, nenda hospitali.

Ndugu zangu Waislamu, jambo hili si langu peke yangu. Tumezoea kusema kuwa hakuna haya katika dini, lakini likija swali la sehemu za siri, mwulizaji anajificha na mwulizwaji anakohoa na kubadilisha mada.

Masahaba waliuliza

Tukirejea katika Hadithi za Mtume (s.a.w.), tunakuta hali tofauti kabisa. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Ummu Sulaym (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.), akatanguliza kusema kuwa Allah haoni haya katika haki, kisha akauliza kama mwanamke anawajibika kuoga anapoota ndoto ya kujamiiana. Akajibiwa kuwa ndiyo, akiona maji. Mtume (s.a.w.) hakumkemea.

Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) naye alieleza kuwa hutokwa na damu mfululizo, akauliza kama aache swala. Alijibiwa kuwa ile si hedhi bali ni damu ya mshipa. Aache swala siku zake za hedhi zikifika, na zikimalizika ajitwaharishe na kuswali. Tazama jibu lilivyo: kwanza limetaja damu inatoka wapi, kisha hukumu yake. Habari ya mwili imetangulia hukumu ya ibada.

Wapo watakaosema kuwa wao wana haya mno. Hao wamtazame Sayyidna Ali (r.a.). Alikuwa akitokwa na madhii kwa wingi, akaona haya kumwuliza Mtume (s.a.w.) kwa kuwa ni baba wa mkewe. Je, alinyamaza? Hapana. Alimtuma Miqdad (r.a.) amwulizie, likaja jibu kuwa aoshe utupu wake na atawadhe. Haya yake ilibaki, na elimu akaipata. Hicho kiboksi chetu cha vikaratasi kina asili.

Kutouliza kunaua

Abu Dawud amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu, wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akasema kuwa wamemuua, na kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Basi sisi tunaojibu tuogope. Fat'wa iliyotolewa bila kutazama jeraha la mtu iliondoa uhai.

Kwa dada zetu

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu hapa pwani tunayafuata, hedhi haizidi siku 15, na mara nyingi huwa siku sita au saba. Damu ikivuka siku 15, ni istihadha imeingia. Mwanamke anayeweza kupambanua damu yake nzito na nyepesi huangalia tofauti hiyo. Asiyeweza, na anaijua ada yake, hurejea ada yake. Akishaoga josho la hedhi, kwa kila swala ya faradhi hujisafisha, huweka pamba au pedi, hutawadha wakati ukishaingia, kisha huswali. Hufunga Ramadhani na ni halali kwa mumewe.

Hilo ndilo jibu la kwanza. Jibu la pili ni la daktari. Damu isiyokatika ina sababu zake: yaweza kuwa ni homoni zilizovurugika, uvimbe kwenye kizazi, mimba iliyoharibika, au saratani ya mlango wa kizazi. Mwanamke anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au aliyekwisha koma hedhi kisha akaona damu tena, asingoje mwezi wa pili. Aende akapimwe.

Saratani hiyo karibu daima husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa. Muda wote huo yaweza kugunduliwa mapema. Kipimo kimojawapo ni chepesi: muuguzi hupaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama pana sehemu inayogeuka kuwa nyeupe. Chanjo ya kuzuia kirusi hicho ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 nchi ikahamia kwenye dozi moja, wakilengwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Wengine huuliza: nitamwoneshaje utupu wangu mtu baki? Mafakihi wamelijibu zamani. Atafutwe kwanza daktari wa kike. Akikosekana, mwanamume anaruhusiwa kwa dharura, awepo mume, maharimu au mwanamke mwaminifu, na atazame kiasi cha haja tu. Una haki ya kumwomba muuguzi wa kike abaki chumbani. Omba bila woga.

Kwa akina baba

Wanaume tusijione tumesalimika. Mtu akipungukiwa nguvu za kiume, mlango wa kwanza kuubisha ni wa muuza unga wa mizizi, au vidonge vya kificho dukani. Hajui kuwa kisukari na shinikizo la damu huharibu mishipa ya sehemu hizo, na kwamba udhaifu huo waweza kuwa dalili ya kwanza ya maradhi ya moyo. Anaficha aibu, kumbe anaficha ugonjwa. Mwingine mkojo unakatika katika, anaamka usiku mara nne, na anasema ni uzee. Huenda ni tezi dume, nayo inatibika.

Na watoto wetu je? Kijana anaota, binti anaona damu ya kwanza, na hakuna aliyemwandaa. Akikosa jibu kwa mama au baba, atalipata vijiweni au kwenye simu, pamoja na uchafu. Mwenye kufundisha udhu amalizie na josho.

Tusivuke mpaka

Kuuliza si kuanika siri. Mtume (s.a.w.) amewakemea wanandoa wanaotangaza yanayopita baina yao. Kwa hiyo taja maradhi, usisimulie chumba. Uliza kwa mwenye elimu, si barazani. Na masheikh wetu tunaouliziwa, tusicheke, tusitafute mwenye kikaratasi ni nani, na tusijibu nusu. Palipo na hukumu tuseme hukumu, palipo na ugonjwa tumwelekeze mtu kwa daktari.

Siku hizi nikikunjua kikaratasi najiuliza kwanza: huyu anaumwa? Allah (s.w.) atujaalie haya inayotukinga na maovu, na atuepushe na aibu inayotunyima elimu na tiba. Amin.