Mtoto Aliyezaliwa Nje: Ni Mkenya au Si Mkenya?

Familia nyingi za Mji wa Kale na Kisiwa cha Mombasa zina jamaa wanaoishi Omani, Dubai na Saudi Arabia. Watoto huzaliwa huko, na wazazi hubaki na swali la uraia wao.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa, siku aliyozaliwa, mama au baba yake ni raia wa Kenya, hata kama amezaliwa nje. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaongeza sharti kwa waliozaliwa nje: mzazi huyo awe raia kwa kuzaliwa. Mzazi aliyepata uraia kwa kusajiliwa aulize utaratibu wake Idara ya Uhamiaji.

Ni nini kilichobadilika?

Katiba ya zamani ilimtambua mtoto aliyezaliwa nje kupitia baba pekee. Tuchukue mfano wa mwanamke wa Kibokoni aliyeolewa na Mwomani akajifungua Muscat mwaka 1995. Wakati huo mtoto hakuhesabiwa Mkenya. Leo ana haki hiyo, kwani Kifungu cha 14 kinawahusu pia waliozaliwa kabla ya Katiba mpya. Hata hivyo, Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini Omani kwa kawaida hairuhusu. Familia ilipime jambo hilo kabla ya kuomba pasipoti.

Kifungu hicho hakiulizi kama wazazi wameoana. Lakini katika nchi za Ghuba, mama asiye na cheti cha ndoa anaweza kupata taabu kumsajili mtoto. Asikae kimya, aende ubalozi wa Kenya mapema.

Hatua za kufuata

1. Msajili mtoto katika nchi alikozaliwa na uchukue cheti cha kuzaliwa. Kikiwa cha Kiarabu, kitafsiriwe.
2. Wasiliana na ubalozi wa Kenya ulio karibu, kama vile Muscat, Abu Dhabi au Riyadh.
3. Andaa kitambulisho na pasipoti ya mzazi Mkenya.
4. Weka nakala za hati zote kwa jamaa Mombasa. Mzazi akifariki, hati zake ndizo ushahidi wa mtoto.

Uraia husimamiwa na Serikali ya Kitaifa, si Kaunti. Maombi ya pasipoti hufanywa kupitia eCitizen.

Haki huanza siku ya kuzaliwa, lakini bila hati ni vigumu kuithibitisha.