Ngitili ya Moyo

Wenyeji wa Shinyanga hawana haja ya kuelezwa ngitili ni nini. Twaandika kwa ajili ya wageni waliofuata dhahabu ya Geita na Kahama. Ngitili ni sehemu ya malisho ambayo Wasukuma huifunga mvua zinapoanza, mifugo isiingie, majani yapate kukua. Hufunguliwa kiangazi, malisho ya mahali pengine yakiisha.

Zamani jambo hili lilikuwa desturi ya nchi. Baadaye miti ilikatwa ili kuwaangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakaongezeka, na watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa pasipo mlinzi. Nchi ikabaki tupu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoitwa HASHI, ikawahimiza wenyeji kuzirudisha. Na aliyeingiza ng'ombe humo alitozwa faini na wazee. Neno la kustaajabisha ni hili: miti mingi iliyosimama baadaye haikupandwa na mtu. Mizizi yake ilikuwa hai ardhini siku zote, ila kila chipukizi lilipotokea liliumwa na mbuzi. Haikuhitaji ila kuachwa.

Twaona mambo ya moyo yako vivyo hivyo. Mtazameni mchimbaji mdogo wa Geita. Mchana yumo duarani pamoja na wenzake. Akitoka, karasha zasaga mawe kwa kishindo. Usiku hulala kambini kati ya watu wengi, redio na simu zikilia. Tena kila ajaye ana neno: huyu adai deni, huyu aleta habari ya mwamba mpya. Mtu aweza kuishi hivyo miaka mitatu asijiulize hata mara moja fedha aliyoipata imekwenda wapi, au kama mke aliyemwacha Maswa angali akimngoja. Swali huchipua, nalo huliwa kabla halijapata majani mawili.

Basi yafaa atenge muda wake na kuufunga. Nusu saa kabla ya mapambazuko yatosha, juu ya mawe yaliyo karibu na kambi, simu ikiwa imezimwa. Na wenzake wamwache, maana kuvunja kimya cha mtu ni sawa na kuingiza ng'ombe katika ngitili yake. Hatusemi kwamba saa hiyo itakuwa tamu. Kwanza huota miiba: hasira ya zamani, aibu, hesabu ya madeni. Wengi hukimbia hapo. Lakini mgunga nao una miiba, na ng'ombe hupumzika kivulini mwake.

Hata hivyo ngitili isiyofunguliwa kamwe haimlishi ng'ombe. Martin Luther alifichwa katika ngome ya Wartburg karibu miezi kumi, mwaka 1521 na 1522, na humo alitafsiri Agano Jipya. Alijua faida ya kukaa kando. Lakini mwaka 1530 alimwandikia Jerome Weller, mwalimu wa watoto wake, aliyelemewa na huzuni, akimwonya aukimbie upweke, atafute watu, anywe na kufanya mzaha pamoja nao. Kwa hiyo mchimbaji aliyefukiwa mwenzake duarani tusimpeleke maweni peke yake. Tukae naye karibu na moto, usiku ule na usiku wa pili, hata asiposema neno.