Bega Kuuma Baada ya Chanjo: Fidia Hutafutwa Vipi?

Mkono kuuma siku mbili tatu baada ya chanjo ni jambo la kawaida. Lakini mama mjamzito aliyechanjwa pepopunda, mwezi wa pili ukifika na bado hawezi kuinua mkono kujifunga leso kichwani, hayo si ya kawaida. Arudi kituoni apimwe.

Chanjo ya mkononi hulengwa kwenye msuli mnene wa bega. Sindano ikidungwa juu mno, dawa huweza kuingia karibu na kiungo chenyewe na kukifanya kivimbe. Kosa hapo ni la mahali sindano ilipoingia, si la dawa. Tunalisisitiza hili kwa kuwa uvumi hufika kijijini kabla ya gari la chanjo.

Nchini Marekani, tangu 2017 jeraha hili limo kwenye orodha ya mpango wa kitaifa wa fidia ya chanjo. Maumivu yakianza ndani ya saa 48 na masharti mengine yakitimia, mwombaji halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu. Kenya haina mfuko kama huo kwa chanjo za kawaida. Hapa mdai ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba mhudumu alizembea, na kwamba uzembe huo ndio uliomuumiza.

Kwa hivyo tunza karatasi: kijitabu cha kliniki chenye tarehe ya chanjo, maelezo ya daktari, picha za eksirei, risiti. Mwombe mhudumu ajaze fomu ya madhara baada ya chanjo, ambayo hupelekwa kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Fomu hiyo ni ya usalama wa dawa; si dai la fidia. Lalamiko liandikie msimamizi wa kituo, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kulalamika na lalamiko lako kuchunguzwa.

Linaloponza wengi ni muda. Kesi ya uzembe dhidi ya serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12. Dhidi ya kituo cha kibinafsi, miaka 3. Kuandika lalamiko hakusimamishi saa hiyo, basi usingoje majibu ya kituo ndipo umtafute wakili. Asiyemudu wakili aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.