Nani Ana Kazi Zaidi: Refa wa Kikapu au wa Besiboli?

Swali hili si la kijiweni tu. Sisi wa ualimu tukienda mazoezi ya kufundisha, mkuu wa shule akiona kijana mwenye raba miguuni, filimbi ni yako. UMISSETA ikikaribia hakuna cha "mimi nafundisha Historia".

Kikapu tumekizoea, Temeke hadi Don Bosco Oysterbay. Besiboli bado ngeni, ingawa Azania Sekondari kuna uwanja wake uliojengwa kwa msaada wa Japani.

Tuanze na kikapu. Uwanja ni mita 28 kwa 15, wachezaji kumi, marefa wawili au watatu. Mshambuliaji anaingia kwa kasi, mlinzi kasimama mbele yake, wanagongana. Faulo ya nani? Jibu haliko kwenye mpira. Liko kwa mlinzi: alishaweka nafasi yake kihalali kabla mwenzake hajaruka? Refa anayesindikiza mpira kwa macho, kama sisi watazamaji, hawezi kujua. Tena si kila mgusano ni faulo. Mwingine unauacha upite, mchezo unaendelea. Kunyamaza nako ni uamuzi, na jukwaa zima litakutukana kwa huo pia.

Kwenye besiboli huna ruhusa ya kunyamaza. Kila mpira ambao mpigaji ameuacha ni straiki au ni boli, na lazima useme. Mrushaji yuko mita 18.44, mpira wa kilomita 110 kwa saa unafika kwa nusu sekunde na ushee. Eneo la straiki halijachorwa popote: linaanzia chini ya goti mpaka usawa wa kifua, kwa hiyo akija mpigaji mfupi nalo linashuka. Kituo cha kwanza ndiyo balaa: jicho kwenye mguu wa mkimbiaji, sikio kwenye mlio wa mpira ukiingia glovu.

Hata mabingwa wanakosea. Tarehe 2 Juni 2010, Detroit, mrushaji Armando Galarraga alishawatoa wapigaji 26 mfululizo. Wa 27, refa Jim Joyce akasema yuko salama. Video ikaonyesha ametoka. Joyce alimwomba radhi.

Kwangu mimi, kikapu ni kigumu zaidi. Refa wa besiboli anajua mpira utatokea wapi, na anapumua kati ya mrusho na mrusho. Wa kikapu anaamua huku anakimbia.

Ila siku ya kwanza kazini, besiboli inatisha kwa kanuni zake. Wakimbiaji wako kituo cha kwanza na cha pili, waliotoka hawajafika wawili, mpira umepigwa juu karibu, wa kudakwa kirahisi: mpigaji katoka hata ukianguka chini, ili walinzi wasiuangushe makusudi wakatoa wawili kwa mpigo. Haya, waeleze hilo kidato cha pili saa nane mchana, jua la Mbagala.