Somo la wiki: Maelezo kwenye bahasha ya dawa ni gharama au mtaji?

Mwenye duka la dawa wa Kahama, Geita au Rwamgasa hununua kwa jumla, huuza rejareja na hutegemea mteja arudi. Hadi hapo hana tofauti na muuza sukari. Tofauti huanza mteja akishatoka dukani, kwa sababu sukari haihitaji maelezo. Wafamasia wamekuwa wakivutana kuhusu jambo hili: je, mgonjwa apewe maelezo ya maandishi, na gharama yake aibebe nani?

Kwanza tuelewe kwamba bidhaa yenyewe imebadilika. Mwaka 2001 Tanzania iliiondoa klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria, ikaingia SP. Kwa muuzaji SP ilikuwa bidhaa nyepesi: mtu mzima alimeza vidonge 3 kwa mkupuo mmoja, na angeweza kuvimeza palepale kaunta. Kuanzia mwishoni mwa 2006 nafasi hiyo ilichukuliwa na dawa mseto ya ALu. Hapa mtu mzima humeza vidonge 24, yaani 4 kila mara, mara 6 katika siku 3. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, na dawa yote hufanya kazi vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta au maziwa.

Sasa mwambie hayo kwa mdomo mtu anayetetemeka kwa homa. Atakachokumbuka ni "saa nane", naye atasubiri saa nane mchana. Kama alimeza dozi ya kwanza saa 3 asubuhi, ameiwahisha ya pili kwa saa tatu. Hata ile "1x3" iliyozoeleka kwenye bahasha, mtoa dawa huisoma kimoja kutwa mara tatu, lakini mteja anaweza kuisoma kidonge kimoja kwa siku tatu.

Soko la mkoa huu limewahi kupimwa. Kuanzia 2007, Maswa (wakati huo Shinyanga, sasa Simiyu) na Kongwa ziliuziwa dawa mseto kwa bei ya ruzuku kupitia maduka binafsi, katika mpango ulioshirikisha Taasisi ya Clinton. Katika mwaka mmoja hivi, wateja walionunua dawa mseto kati ya wote walionunua dawa za malaria waliruka kutoka asilimia 1 hadi 44. Shinyanga Vijijini, iliyowekwa kwa kulinganisha bila ruzuku, haikusogea. Mfanyabiashara ataipenda takwimu hiyo, lakini ni ya kununua. Kumeza ni hesabu nyingine.

Wafamasia wasiopenda karatasi wana hoja zao. Foleni ni ndefu. Wateja wengine hawasomi. Mgonjwa akisoma orodha ya madhara ataogopa na kuiacha dawa. Hoja hizi si za hapa tu: Marekani iliweka karatasi ya lazima kwa vidonge vya uzazi wa mpango mwaka 1970, ikatunga kanuni pana zaidi mwaka 1980, kisha ikazifuta mwaka 1982 baada ya malalamiko, yakiwemo ya wafamasia. Jumuiya ya Ulaya yenyewe ililazimisha karatasi ndani ya pakiti kwa agizo la 1992.

Hoja ya kutosoma naiona dhaifu. Katika nyumba nyingi yupo mtoto wa shule, na kambini yupo mwenzake mchimbaji. Hoja ya hofu ina uzito zaidi, ila inahusu karatasi ndefu yenye kila dhara, iliyoandikwa Kiingereza kwa herufi za kuumiza macho. Tena ukifungua kopo la vidonge 1,000 unakuta karatasi moja tu, na wateja wa kopo hilo ni wengi.

Ukanda wa dhahabu una sababu yake ya ziada. Mchimbaji mdogo anayenunua dawa Nyarugusu leo, wiki ijayo anaweza kuwa Mwakitolyo kwa sababu amesikia kuna mwamba mpya. Hatarudi kuuliza. Akiwa na metronidazole mfukoni, nani atamkumbusha kwamba haiendi na pombe? Akipewa tetrasaiklini baada ya ALu, nani atamwambia kwamba maziwa yaliyoifaa ile ya kwanza yanaidhoofisha hii ya pili?

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme bahasha tupu ni shilingi 15 na iliyochapwa ni shilingi 35. Ongezeko ni shilingi 20. Ikiwa faida ghafi kwa dozi ni shilingi 1,000, umetoa asilimia 2 ya faida hiyo. Wateja 40 kwa siku ni shilingi 800. Fedha hiyo hurudi ukipata mteja mmoja wa ziada kwa siku, na jina la duka lako limechapwa kwenye bahasha inayotembea kambi hadi kambi.

Anayekwenda kwa mchapaji aombe nafasi hizi: jina la dawa, idadi ya vidonge kila mara, kisha picha za jua linachomoza, jua la utosini na mwezi za kuwekea alama. Chini uachwe mstari mmoja wa kuandika kwa mkono kitu cha kuepuka. Kwa dozi ya pili ya ALu, mtoa dawa asiandike "baada ya saa 8". Atazame saa ya ukutani, ahesabu mwenyewe, aandike: "saa 11 jioni".